Tabibu wa Miguu na Daftari Lisilokuwapo

Mtu wa Masinga au wa Yatta mwenye ugonjwa wa kisukari, akipatwa na kidonda cha wayo kisichotaka kupona, aghalabu hupanda gari hadi Hospitali ya Machakos Level 5, na huko atamkuta muuguzi wa kumsafisha, afisa wa kliniki wa kumwandikia dawa, na daktari wa upasuaji wa kumkata mguu ikibidi; ambaye sheria ya nchi yetu haijapata kumtambua kwa jina lake ni tabibu wa miguu, yaani mwenye elimu ya podiatria, ambaye kazi yake hasa ni kuuwahi mguu kabla haujafikia msumeno.

Kisukari huuingilia mguu kwa siri. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo na kuidhoofisha mishipa ipitishayo damu, hata mtu akakanyaga mwiba wa mgunga, au akavaa akala iliyotokeza msumari, akaenda nayo sokoni na kurudi, asihisi maumivu yoyote mpaka usaha umchafue soksi au harufu iwashtue watu wa nyumbani. Tabibu wa miguu huugusa wayo kwa uzi mwembamba wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na mgonjwa asiyehisi mguso ule hutambulika kuwa yumo hatarini ingawa ngozi yake ni nzima. Kisha humpunguza sugu, humkata kucha, humkagua viatu na kumfundisha kuzitazama nyayo zake kila usiku. Wasioijua kazi hii huidhania nyepesi, ilhali kisu kikiteleza kidogo tu juu ya wayo uliokufa ganzi huweza kuleta lile lile lililokuwa likikimbiwa, na kwa sababu hiyo mataifa kadhaa yameifungia kazi hii mlango wa leseni.

Nchini Uingereza jina la tabibu wa miguu ni amana ya sheria, na anayejiita hivyo kwa hila bila kusajiliwa hutenda kosa la jinai. Usajili huhuishwa kila baada ya miaka miwili. Aliyeacha kazi kwa zaidi ya miaka miwili lakini haijatimu mitano hutakiwa siku 30 za kuihuisha elimu yake kabla ya kurejeshwa, na aliyepitisha mitano hutakiwa siku 60, ama aliyefutwa kwa utovu wa adabu ya kazi hawezi hata kuomba kurejeshwa kabla ya miaka mitano kupita. Napendezwa sana na utaratibu huu, kwa kuwa unampa rehema mama aliyekaa nyumbani kulea wanawe, wala haumwachii mgonjwa mkono uliosahau kazi. Marekani kila jimbo lina leseni yake, na Afrika Kusini podiatria husomeshwa katika Chuo Kikuu cha Johannesburg na wahitimu wake huandikwa katika daftari la baraza la taaluma za afya.

Sasa na tumfikirie kijana wa Machakos aliyehitimu Johannesburg akarudi kwao. Tuna baraza la madaktari, la wauguzi, la maafisa wa kliniki, na tangu sheria ya mwaka 2014 tunalo pia baraza la wataalamu wa tiba ya viungo. Lakini ni daftari lipi litakaloandika jina lake kwa taaluma yake? Daktari hana budi kuhuisha leseni kila mwaka na kuthibitisha kwamba hakuacha kujifunza, na mtu wa miguu haulizwi neno. Dhuluma hii ina nyuso mbili: mwenye elimu ananyimwa heshima ya jina lake, na asiye na elimu anaweza kutundika kibao mtaani, akakwangua nyayo za wazee wetu, na mgonjwa akiharibiwa asijue ni baraza gani limpokee kwa mashtaka.

Watasema wengine kwamba mabaraza yamezidi na ada zimewaelemea wahudumu wa afya. Neno lao ni la haki, nami siombi baraza jipya. Mwaka 2019 Bunge liliporekebisha sheria za afya, baraza la madaktari na madaktari wa meno lilifunguliwa mlango likawapokea pia maafisa wa afya ya kinywa wa jamii. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya meno hauna sababu ya kufungwa kwa nyayo. Kazi hiyo ni ya Bunge. Serikali ya kaunti yetu, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi hospitali, inaweza kumwajiri mtu lakini haina mamlaka ya kumpa leseni.

Tena tusingoje wahitimu wa ng'ambo peke yao. Jirani zetu wa Tanzania, kwa uongozi wa Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, walianzisha mradi wa mguu wa kisukari ulioitwa Step by Step, uliowafundisha madaktari na wauguzi wa hospitali za nchi ile kuutunza mguu mapema. Chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC kina kampasi hapa mjini kwetu, na muuguzi aliyeongezewa elimu ya miguu anastahili kuandikwa katika fungu lake la daftari, kwa mipaka ya kazi iliyo wazi: sugu, kucha, vidonda vya juu juu na mafunzo kwa mgonjwa, lakini si kisu kizamacho.

Na sheria hiyo itakapoandikwa, iseme waziwazi ombi lijibiwe ndani ya siku ngapi. Mwenye cheti cha ng'ambo apimwe kwa mtihani wala si kwa kujuana. Aliyeacha leseni ikalala aambiwe mafunzo yatakiwayo kabla hajalipa hata senti. Na aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi pamoja na haki ya kukata rufaa katika Mahakama Kuu.