Kuhifadhi si Kusifu

Wasomaji wetu wengi wamepata kukaa mbele ya senema kwa muda wa saa mbili, wakatoka ukumbini bila kukumbuka jambo lo lote. Sisi tumetazama senema ya dakika 17 tu, tena iliyooza mahali pengi, isiyo na sauti, na isiyo na mwanzo wala kati iliyo kamili. Na tangu siku hiyo haijatutoka moyoni. Twaona ni wajibu wetu kusema kwa nini.

Jina la senema hiyo ni The Story of the Kelly Gang, yaani Kisa cha Genge la Kelly. Ilitengenezwa Australia chini ya uongozi wa Charles Tait, ikaonyeshwa mjini Melbourne tarehe 26 Desemba 1906, katika ukumbi uitwao Athenaeum Hall. Wakati huo senema nyingi duniani zilikuwa za dakika chache tu. Hii ilichukua zaidi ya saa moja, na ukanda wake ulikuwa na urefu wa futi 4,000 hivi. Kwa sababu hiyo yahesabiwa kuwa senema ya kwanza duniani kusimulia hadithi ndefu, na mwaka 2007 UNESCO iliiandika katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Kwa kuwa picha za siku hizo hazikusema, mtu mmoja alisimama kando akiwaeleza watazamaji mambo, na wengine nyuma ya kitambaa wakalipua baruti na kugonganisha vifuu vya nazi ili isikike kama kwato za farasi.

Katika vipande vilivyosalia, kile ambacho kila atazamaye hukikumbuka ni cha mwisho. Anatokea mtu amevaa chuma kifuani na kichwani, na kichwa chake kimekuwa mfano wa ndoo. Anakuja kwa hatua nzito, huku akipiga bastola. Polisi wanamlenga, lakini kuna adui mwingine ambaye hawamwoni: ni madoa ya kuoza kwa ukanda wenyewe, yanayomla mtu yule hata ukashindwa kujua kama anaangushwa na risasi au anamezwa na wakati.

Mtu huyo ni Ned Kelly. Baba yake, John Kelly, aliiba nguruwe wawili huko Ayalandi, akahamishwa kwa adhabu mpaka Tasmania mwaka 1841. Mwanawe alikulia katika koloni la Victoria, miongoni mwa wakulima wadogo waliogombea ardhi na matajiri wenye makundi makubwa ya mifugo, na ambao waliwahesabu polisi kuwa mkono wa matajiri hao. Ned hakuwa malaika. Alikwisha kufungwa kwa ajili ya farasi wa wizi kabla sifa yake haijaenea. Lakini mwaka 1878 mama yake, Ellen, mwenye mtoto mchanga, alitiwa gerezani miaka mitatu baada ya ugomvi na askari mmoja aliyefika nyumbani kwake, na hapo moto ukawaka.

Tarehe 26 Oktoba mwaka huo, penye kijito kiitwacho Stringybark Creek, Ned na wenzake watatu, yaani Dan nduguye, Joe Byrne na Steve Hart, waliwaua askari watatu waliokuwa wakiwatafuta. Majina yao ni Kennedy, Lonigan na Scanlan. Twayaandika kwa makusudi, kwani katika hadithi za namna hii jina la mnyang'anyi hupambwa, na la askari aliyekufa husahauliwa. Wote watatu walikuwa wazaliwa wa Ayalandi, nchi ile ile aliyotoka baba yake Ned. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi: maskini mmoja huvikwa nguo ya serikali, mwingine hukimbilia msituni, wakauana; na yule mwenye ardhi hayumo kati ya waliokufa.

Siku chache baadaye Bunge la Victoria lilipitisha sheria iliyowaondoa vijana hao katika hifadhi ya sheria, hata mtu ye yote akawa na ruhusa ya kuwapiga risasi bila kuwaonya. Zawadi ya kuwapata ilipanda mpaka paundi 8,000. Wao nao wakavunja benki mbili, moja Euroa na nyingine Jerilderie.

Hapa ndipo kisa hiki kinapotugusa sisi tulio katika kazi ya magazeti. Mwezi wa Februari 1879, walipoushika mji wa Jerilderie, Ned alikuwa na barua ndefu, ya maneno 8,000 hivi, aliyomtamkia Joe Byrne naye akaiandika. Ndani yake mlikuwa na malalamiko yake dhidi ya polisi, matusi, vitisho, na maelezo ya mauaji kama alivyotaka yasadikiwe. Alimtafuta mwenye gazeti la mji ili aichape. Mhariri huyo alikwisha kukimbia. Hatumlaumu, nani kati yetu angengoja wageni wenye bastola? Karani wa benki aliipokea barua kwa ahadi ya kuifikisha kwa mhariri, lakini ikaishia mikononi mwa serikali, na haikuchapwa kwa ukamilifu mpaka mwaka 1930. Leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Jimbo la Victoria, na wanafunzi huisoma.

Hatusemi kwamba barua hiyo ingalichapwa damu isingalimwagika tena. Hayo hakuna awezaye kuyajua. Twasema tu kwamba aliyekosa kusikilizwa kwa karatasi alirudi na chuma. Mwezi wa Juni 1880 genge lilifika Glenrowan wakiwa na mavazi ya vita yaliyofuliwa kwa vyuma vya plau, yaani chombo kile kile cha mkulima. Waling'oa reli ili gari la moshi lililojaa polisi lianguke, wakawafungia watu wa mji katika hoteli ya mama mmoja, Ann Jones. Aliyeliokoa gari hilo ni mwalimu wa shule, Thomas Curnow, aliyekwenda kulisimamisha kwa mshumaa na kitambaa chekundu. Alfajiri ya tarehe 28 Juni risasi za polisi ziliipasua hoteli, na mmoja wa waliojeruhiwa hata kufa alikuwa kijana wa mama Jones, ambaye hakuwa na kosa lo lote. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ned alipigwa miguuni, mahali pasipo chuma, akakamatwa. Alinyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba 1880, akiwa na umri wa miaka 25 hivi.

Mwaka uliofuata serikali iliunda tume kuchunguza mwenendo wa polisi, na tume hiyo iliwakemea wakubwa kadhaa. Kwa hiyo malalamiko hayakuwa upuzi mtupu. Mwaka huo huo iligawanywa ile zawadi ya paundi 8,000. Kati ya waliostahili walikuwamo wenyeji weusi wa nchi hiyo, mabingwa wa kufuata nyayo, walioletwa kutoka Queensland, na ambao Ned mwenyewe aliwaogopa kuliko askari wengine. Walihesabiwa paundi 50 kila mmoja, lakini fedha hizo zilipelekwa kwa serikali badala ya kutiwa mikononi mwao, kwa hoja kwamba hawangejua kuzitumia. Mnyang'anyi alipata senema, na polisi walipata tume. Hawa waliozisoma nyayo, katika nchi ambayo ilikuwa ya babu zao kabla ya Kelly na kabla ya matajiri wa mifugo, hawakupata hata ujira wao.

Turudi kwenye senema. Ilipoonyeshwa, watu walijaa. Serikali iliona hatari, na mwaka 1907 ikakataza isionyeshwe katika miji ya Benalla na Wangaratta, iliyo katika eneo la akina Kelly. Baadaye, mwaka 1911 Australia Kusini, na mwaka 1912 Victoria na New South Wales, zilizipiga marufuku senema za wanyang'anyi wa porini kwa jumla. Marufuku hiyo ilikaa miaka mingi, ikawanyima watengenezaji senema wa nchi hiyo hadithi ambayo watu wao waliipenda kuliko zote.

Twafahamu hofu ya serikali. Wajane wa polisi walikuwa hai, na vijana hupenda kuiga. Hata hivyo twaona ilikosea. Watu hawakujaa ukumbini kwa kupenda wizi. Walijaa kwa sababu jambo walilolijua majumbani mwao lilionekana mbele ya macho yao. Anayezima taa hafukuzi kilicho gizani.

Lakini marufuku siyo iliyoiua senema hii, na hilo ndilo tunalotaka msomaji alikumbuke. Iliyoiua ni dharau ya kila siku. Ukanda wa filamu za wakati ule ulitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachooza upesi na kushika moto upesi zaidi. Nyingi ziliyeyushwa ili kupata fedha iliyomo, na nyingine zilitupwa zikishachoka, kwa kuwa wenyewe waliona zimekwisha kuleta faida yao. Hakuna aliyeamuru senema ya kwanza ndefu ya dunia itupwe. Iliachwa tu. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa imepotea yote, mpaka katika miaka ya 1970 zilipoonekana picha chache, kisha mwaka 1978 kipande kingine katika mali ya mtu aliyekuwa akionyesha senema, na mwaka 1980 kingine kikaokotwa jalalani. Kipande kirefu kuliko vyote, cha dakika 11, kilionekana Uingereza mwaka 2006. Mafundi wa hifadhi ya taifa ya filamu ya Australia wakaviunganisha vipande hivyo, na ndiyo maana tumeweza kuitazama.

Wapo watakaouliza: yafaa nini kuhangaikia picha za wezi? Twajibu kwamba kuhifadhi si kusifu. Daktari huhifadhi maelezo ya ugonjwa bila kuupenda ugonjwa. Taifa linalotunza tu picha za sherehe na hotuba, likatupa za aibu na ugomvi, litajikuta siku moja halijui lilivyofika lilipo. Na hapo atainuka kila mwongo na kutunga kisa chake, kwa kuwa hakuna wa kumkanusha. Dakika hizi 17 hazimtakasi Ned Kelly wala hazimhukumu. Zinatuonyesha jinsi watu wa mwaka 1906, ambao wengi wao walikuwa hai wakati wa kunyongwa kwake, walivyomwona. Na ushahidi huo hauwezi kutengenezwa upya.

Basi twamwomba kila msomaji aliye na picha za kale, kanda za sauti, barua au magazeti ya zamani, asivitie motoni siku ya kufagia nyumba kwa kuwa vimechakaa au kwa kuwa yaliyomo si ya kujivunia. Avikaushe, aviandike majina na miaka, na avipeleke mahali pa kutunzwa. Nao wenye kushika fungu la fedha za makumbusho wasilione kuwa anasa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Waaustralia wamekuwa na bahati ya kuokota robo ya mali yao. Si kila jalala lina mtu wa kuokota.