Usikisie Damu Yako, Mama: Ipime

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo tunaliona kila siku majumbani mwetu na kulipita. Mama anaamka asubuhi akiwa amechoka kama aliyelima usiku kucha. Akipanda kilima kidogo na ndoo kichwani anahema. Akiinama kufagia, kisha akainuka, macho yanaingia giza. Wakati mwingine moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi anachambua mchele. Ukimuuliza atakujibu, "Ni kazi tu." Mama mkwe atasema mimba ndivyo zilivyo. Wifi atanong'ona kwamba ni uvivu. Naye mwenyewe hujikaza, akapika, akafua, akanyonyesha, na kesho tena.

Huenda ni kazi kweli. Lakini huenda pia ni upungufu wa damu, na huo haujulikani kwa kukisia. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu. Hebu fikirini kikao cha akina mama 20 waliokaa kwenye mikeka: kwa kadiri hiyo, 9 kati yao wangekuwa na damu pungufu, na wengi wao wangekuwa hawajui.

Kwa nini jambo hili si dogo

Ndani ya damu mna chembechembe nyekundu, na ndani ya chembechembe hizo mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho huko kliniki mmezoea kukiita wekundu wa damu. Kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima. Wekundu ukipungua, moyo hulazimika kwenda mbio ili damu kidogo iliyopo ifanye kazi ya damu nyingi. Ndiyo maana mama huyu anahema, na ndiyo maana moyo wake unadunda.

Hatari kubwa zaidi huja siku ya kujifungua. Mwanamke yeyote hupoteza damu anapojifungua, na akifikia nusu lita huhesabiwa kuwa ametokwa na damu nyingi mno. Mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza nusu lita hiyo, akatibiwa na kurudi nyumbani na mtoto wake. Aliyeingia chumba cha kujifungulia akiwa na damu pungufu hana akiba. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia wanawake zaidi ya 10,000 wenye upungufu wa damu katika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan, ulionyesha kwamba kadiri wekundu wa damu ulivyokuwa chini ndivyo hatari ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na hatari ya kufa, ilivyopanda. Kwa hiyo mama mjamzito anayepima damu yake mapema anajiwekea akiba ya siku ile.

Mtoto naye yumo katika hesabu hii. Mimba ya mama mwenye upungufu mkubwa huweza kuzaa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Tena mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoipata tumboni, nayo humtosha kwa takriban miezi 6 ya mwanzo tu.

Kipimo chenyewe ni kipi?

Wako akina mama wanaoogopa. Husema, "Damu yenyewe sina, halafu wanichukulie nyingine!" Tuwaondoe hofu. Katika zahanati nyingi kipimo cha wekundu wa damu huhitaji tone moja tu. Mhudumu husafisha ncha ya kidole, hukichoma kidogo, hufuta tone la kwanza, kisha huchukua linalofuata na kulitia katika mashine ndogo ya mkononi. Jibu hutoka kwa muda mfupi, wewe ukiwa umekaa pale pale.

Katika hospitali kubwa huweza kuchukuliwa damu ya mkononi kwa sindano ili kupata picha kamili ya damu. Hata hiyo haizidi kijiko kimoja cha chai, ilhali mtu mzima ana takriban lita 5. Mwili hukirudisha kijiko hicho bila wewe kujua. Faida ya kipimo hiki kikubwa ni kwamba huhesabu chembechembe na kuonyesha ukubwa wake. Zikiwa ndogo na zimepauka, mara nyingi madini ya chuma yamepungua. Zikiwa kubwa kuliko kawaida, daktari hufikiria upungufu wa vitamini fulani, kama foliki asidi. Huhitaji kufunga chakula ili upimwe wekundu wa damu. Kunywa uji wako uende.

Kutazama viganja, ulimi na ndani ya kope la chini kunasaidia, na mhudumu hufanya hivyo. Lakini macho hugundua zaidi upungufu uliokwisha kuwa mkubwa. Ule wa kati, unaomla mama polepole, hupita bila kuonekana.

Uliza namba

Hapa ndipo tungependa mtusikilize zaidi. Mara nyingi mama huambiwa hivi: "Mama, damu yako imeshuka kidogo, kale mboga za majani." Naye hujibu, "Haya, asante nesi," akachukua kadi yake akaondoka. Imeshuka kutoka wapi? Imefika wapi? Hajui, na mwezi ujao hataweza kusema kama imepanda au imezidi kushuka.

Mama mwenzetu, uliza kwa upole: "Samahani nesi, ni ngapi?" Kisha hakikisha imeandikwa kwenye kadi pamoja na tarehe. Utaiona karibu na herufi Hb. Namba hiyo huhesabiwa kwa gramu katika desilita moja ya damu, na maana yake ni hii.

Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu wa damu, na chini ya 8 ni upungufu mkali.

Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu. Katika miezi ya katikati ya mimba, maji ya damu huongezeka na kuizimua, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, limeweka 10.5 kuwa mpaka wa kipindi hicho. Chini ya 7 ni upungufu mkali: huyo asirudi nyumbani kungoja mwezi ujao, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, mpaka ni 10.5. Kwa wa miaka 2 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 11. Katika uchunguzi ule ule wa 2015 na 2016, watoto 58 kati ya 100 wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu. Basi ukipimwa wewe, ulizia na huyo uliyembeba mgongoni.

Damu imekwenda wapi?

Namba ikiwa chini, swali la pili ni hili: kwa nini? Vidonge peke yake havimsaidii mtu ambaye damu yake inavuja kila siku kama maji katika mtungi uliopasuka.

Sababu iliyo ya kawaida ni upungufu wa madini ya chuma. Mimba moja humchukulia mama karibu gramu 1 nzima ya madini hayo, na akibeba nyingine kabla akiba haijarudi, anaanza safari mkoba ukiwa mtupu. Hii ni sababu moja ya kushauriwa kupumzika walau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine.

Hedhi nzito nayo ni mlango mkubwa. Ikizidi siku 7, ikitoka na mabonge, au ikikulazimu kubadilisha kitambaa kila saa, usiseme, "Ndivyo nilivyoumbwa." Huenda kuna uvimbe katika kizazi, na unatibika. Jambo hili huonewa haya, lakini mweleze mhudumu waziwazi.

Malaria huharibu chembechembe nyekundu zenyewe. Minyoo ya safura hujishikiza utumboni na kunyonya damu kimyakimya. Minyoo hiyo huingia kupitia ngozi ya miguu iliyo peku, hivyo choo safi na ndala za watoto ni dawa pia. Vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, Virusi vya UKIMWI na kifua kikuu huweza kuipunguza damu. Katika baadhi ya familia iko selimundu, ambayo hurithiwa. Mwenye selimundu asijinunulie vidonge vya madini ya chuma dukani, maana tatizo lake huenda si chuma. Kwa sababu hiyo usishangae ukiambiwa upimwe pia malaria, choo kikubwa au selimundu. Anatafutwa mwizi.

Rangi nyekundu si damu

Tunajua kwamba wengi wetu tukisikia "damu imepungua" hukimbilia juisi ya rozela, kwa kuwa ni nyekundu. Wengine huchanganya soda nyeusi na maziwa ya kopo. Rangi ya kinywaji haigeuki kuwa damu. Rozela ni kinywaji kizuri kwa mwenye kiu, lakini mwenye namba 8 hatafika 11 kwa bilauri za rozela, na siku zinakwenda.

Chakula kina kazi yake. Nyama nyekundu na samaki, wakiwemo dagaa, hutoa madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi. Maharage, dengu, mchicha, tembele na kisamvu vinayo pia, ila mwili huyapokea kwa shida, basi visindikizwe na ndimu, chungwa au nyanya mbichi. Chai na kahawa huyazuia. Usinywe chai pamoja na chakula wala pamoja na vidonge vyako. Ngoja saa 1 au 2.

Na tuseme neno juu ya udongo. Mjamzito anayetamani kula udongo wa pemba hapaswi kuchekwa. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, kwa hiyo ni ishara ya kwenda kupima. Lakini udongo wenyewe huweza kuzuia madini ya chuma yasipokelewe, na huweza kuwa na mayai ya minyoo. Mhurumie, umsindikize kliniki.

Vidonge na kipimo cha pili

Wajawazito hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kumeza kila siku. Aliyekutwa na upungufu huongezewa kipimo kwa maelekezo ya mhudumu. Wengi huviacha kabatini kwa sababu vinatia kichefuchefu, vinafunga choo, na choo chenyewe hugeuka cheusi. Weusi huo ni wa kawaida kwa anayevimeza. Kichefuchefu kikizidi, vimeze baada ya chakula au wakati wa kulala, na kunywa maji ya kutosha. Usiache kimyakimya. Rudi ueleze. Na vifunge mbali na watoto, kwani mtoto akivimeza vingi huweza kufa.

Baada ya wiki 4 hivi, pima tena. Dawa ikiwa inafaa na sababu ikiwa imetibiwa, namba hupanda walau kwa 1. Isipopanda, usikate tamaa, wala usiongeze dozi mwenyewe. Mwambie daktari, atafute sababu nyingine. Ikifika panapotakiwa, bado utaambiwa uendelee kwa miezi kama 3, ili akiba ijae. Watu wengi huacha siku wanapopata nafuu, na baada ya muda wanajikuta palepale.

Neno kwa nyumba nzima

Tunajua safari ya kliniki ina mambo yake. Kuna nauli, kuna foleni, na mara nyingine ukifika unaambiwa vifaa vya kupimia vimekwisha. Ikiwa hivyo, uliza kituo gani cha jirani kinavyo, usirudi nyumbani ukadhani umepimwa. Baba watoto naye aelezwe kwa namba. Ukimwambia, "Nimechoka," anaweza kudhani unanung'unika. Ukimwambia, "Damu yangu ni 8, inatakiwa 12, na nimeambiwa nirudi baada ya wiki 4," atajua pa kuanzia, iwe ni nauli, ndoo ya maji au kipande cha nyama ambacho siku zote huwekwa upande wake wa sinia.

Wako pia wapendwa wanaoona kwamba kupima ni kukosa imani. Kumwomba Mungu afya na kwenda maabara havigombani. Anayeomba mavuno hushika jembe.

Basi mama, kabla mwezi huu haujaisha, kama unahema, kama unaona kizunguzungu, kama u mjamzito, kama hedhi yako ni nzito, au kama umejifungua karibuni, nenda ukapime. Uliza ni ngapi. Iandikwe. Uliza sababu. Urudi kupima tena. Na ukimwona mwenzako amekaa pembeni ya kisima akishika kiuno, usimwite mvivu. Muulize, "Mwenzangu, damu yako ulipima lini?"