Sensa si safari ya kwenda kwa babu

Mwandishi anayetaka kila mkazi wa Jabe, mtaa wetu wa Bujumbura, akahesabiwe kwenye kilima cha babu yake, eti ndivyo walivyofanya Warumi, ameisoma Roma nusunusu. Ni kweli, mwaka 104 gavana wa Kirumi nchini Misri, Vibius Maximus, aliamuru walio mbali warudi makwao kuandikishwa. Lakini amri hiyohiyo iliwapa nafasi waliohitajika Alexandria wajiandikishe na kubaki mjini. Na huko Misri, kila baada ya miaka 14, mwenye nyumba alitaja wote wanaokaa kwake: mke, watoto, watumwa, hata wapangaji.

Tena Roma ilitafuta kodi ya kichwa. Sisi tunatafuta maji, madarasa na zahanati. Ingia parsela yoyote ya Jabe: bomba moja uani, milango kadhaa, huyu katoka Ngozi, yule Uvira, mwingine kazaliwa hapohapo na baba yake pia. Wapeleke wote vilimani, karatasi itaonyesha ua mtupu, na bomba la pili halitakuja.

Sensa ya Burundi ya 2008 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Iliyofuata ilikuja 2024. Kosa moja hukaa miaka 16. Makarani waje milangoni kwetu.