Mazombi Wanaongea Kiswahili na Bado Mnataka Tuiruke?

Wacha niseme mapema ndio wenye hasira waanze kupasha misuli: Resident Evil 5 inafaa kuundwa upya. Isirukwe, isifichwe, isizikwe kimyakimya.

Nasema hivi kwa sababu mjadala umekuwa mrefu na unanichosha. Capcom waliunda upya ya pili mwaka 2019, ya tatu 2020, ya nne 2023. Hesabu ya chekechea inakuambia kinachofuata. Lakini kila mara mtu akitaja namba tano, mashabiki wanagawanyika. Kuna wanaosema gemu yenyewe ni mbaya, haiogopeshi, ni kupiga risasi tu. Hao tuwaache, ni ladha yao. Wanaonisumbua ni wale wa pili, wanaosema iachwe kwa sababu inawadhalilisha Waafrika. Ukiwauliza wanatoka wapi, ni Ohio, ni Manchester. Mimi natoka Umoja, Nairobi, na sikumbuki kikao ambacho tuliwatuma watuongelee.

Kama hujawahi kuicheza, hadithi ni hii. Ilitoka 2009. Chris Redfield, Mmarekani mwenye mikono minene kama shina la mbuyu, anatua mji unaoitwa Kijuju kusaka mtu anayeuza silaha za kibayolojia. Anapokewa na Sheva Alomar, askari wa tawi la Afrika Magharibi. Wakaazi wa mji wameambukizwa vimelea, akili zimetekwa, na wanawafukuza kwa mapanga na mashoka. Wakikufukuza wanapiga kelele. Na wanachopigia kelele, wasee, ni Kiswahili.

Mara ya kwanza nilisikia kwa binamu yangu, PS3 ya mkono wa pili yenye padi moja nzima na nyingine ya kushikilia na raba. Tulikuwa watano chumbani. Gemu zote tulizocheza mpaka siku hiyo zilikuwa na watu wanaoongea Kiingereza, au Kijapani na maandishi chini. Halafu ghafla huyu jamaa wa panga anatoka kwenye kona na anatutishia kwa lugha ya mama mboga. Hakuna maandishi chini, kwa sababu mchezaji wa kawaida hafai kuelewa. Kwake ni makelele ya kuogopesha. Sisi tulielewa. Tulicheka mpaka mama wa nyumba ya pili akagonga ukuta, halafu binamu yangu akauliza swali ambalo bado sijapata jibu lake: "Kwani sisi ndio wabaya?"

Hilo ndilo swali langu kwa hii gemu, na ni tofauti kidogo na lile ambalo wengine wanauliza. Trela ya 2007 ilipotoka, ilionyesha Chris peke yake, mzungu na bunduki, akimaliza umati wa watu weusi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. N'Gai Croal, mwandishi wa Newsweek na mtu mweusi mwenyewe, alieleza kwamba picha kama zile zina historia, huwezi kuzitumia kana kwamba hakuna aliyewahi kuzitumia kabla yako. Nakubali. Lakini mimi sikasiriki kwamba zombi ni mweusi. Ukiweka hadithi ya zombi Afrika, zombi atakuwa mweusi, ungetaka awe nani? Gemu ya nne ilikuwa na wanakijiji wa Uhispania na hakuna aliyetaka waletwe wengine kutoka Uswidi.

Kinachoniuma ni uvivu.

Kijuju iko Afrika Magharibi. Gemu yenyewe ndiyo inasema. Sasa niambie, ni mji gani wa Afrika Magharibi ambako soko zima linaongea Kiswahili? Huko kuna Kihausa, Kiyoruba, Kiwolofu, Kitwi, na mamia ya lugha zingine. Kutoka Lagos mpaka Mombasa ni mwendo wa ndege wa saa nyingi. Hata jina lenyewe, ni kama mtu alichukua "juju" ya kule akaibandika "ki" ya huku, akaona imetosha. Wazungumzaji wa Kispania nao wana lalamiko kama hili kuhusu ile ya nne ya zamani: wanakijiji wa Uhispania wanaongea kwa lafudhi ya Amerika ya Kilatini, na mfanyabiashara anadai peseta wakati Uhispania ilikuwa imeshaingia kwenye yuro. Wamelitania hilo kwa miaka. Lakini angalau wao walikosewa lafudhi. Sisi tulikosewa upande wa bara.

Halafu kuna neno lenyewe. Maadui wanaitwa Majini. Gemu inakufafanulia kwamba ni Kiswahili, maana yake pepo wabaya. Nusu ni kweli. Uliza mtu wa Mombasa au Lamu, atakuambia kuna jini mbaya na kuna jini asiye na shida na mtu, na wengine hata wana dini yao. Na mmoja ni jini, wengi ndio majini. Huwezi kusema "majini mmoja amenirukia" isipokuwa ulikuwa unaogelea. Simu moja tu kwa mwalimu yeyote wa Kiswahili wa shule ya upili na hilo lingerekebishwa kabla ya chai ya saa nne.

Na bado naipenda. Najua inasikika kama napingana na mimi mwenyewe, lakini ngoja tufike kwenye kitu ambacho hata mashabiki sugu hawakijui, kwa sababu kimefichwa kwenye faili ambazo watu huruka wakikimbilia risasi.

Resident Evil yote, kuanzia jumba la 1996, imejengwa juu ya virusi vya kampuni inayoitwa Umbrella. Vilitoka wapi? Kwenye gemu ya tano unapewa jibu: kutoka kwa ua. Ua linaloota chini ya ardhi, kwenye magofu ya kale ya watu wanaoitwa Ndipaya, hapahapa Afrika. Walikuwa wanalijua na kuliheshimu kabla hajaja yeyote. Miaka ya sitini Oswell Spencer, tajiri wa ukoo mkubwa wa Ulaya, anafika na wenzake, wanalitoa, wanapata virusi ndani yake, na 1968 wanaanzisha Umbrella. Ndipaya wanafukuzwa kwenye ardhi yao na maabara inajengwa palepale.

Soma tena polepole. Kila zombi uliyewahi kumpiga Raccoon City, kila dola Umbrella waliyowahi kutengeneza, mzizi wake ni mmea ulioibiwa kwa Waafrika. Hiyo ni hadithi bora kuliko kitu chochote kwenye ile ya sita. Na sisi Wakenya hatuhitaji kufikiria sana kuielewa. Vijidudu vilichukuliwa kwenye maji moto ya Ziwa Bogoria mapema miaka ya tisini, vikafika kwenye maabara za ng'ambo, vikatoa vimeng'enya vinavyotumika viwandani, hata kwenye kupausha jeans. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likajitokeza hadharani kudai haki. Ondoa zombi, na Bogoria na Ndipaya ni majirani.

Lakini Capcom walifanya nini na Ndipaya kwenye skrini? Waliwavalisha sketi za nyasi na vinyago, wakawapa mikuki, wakawaweka kwenye vinamasi ili uwapige. Kuna shajara ya kijana wa kijiji unayoweza kuokota. Anaeleza jinsi watu wa kituo cha mafuta walivyokuja kuwadunga sindano wakisema ni chanjo, na jinsi wazee wake walivyobadilika, wakavaa mavazi ya kale ya vita, wakaanza kuuana. Ukisoma hiyo shajara, sketi ya nyasi inakuwa dalili ya ugonjwa. Usipoisoma, na wengi hawasomi, unaona tu kile ambacho filamu za zamani za Tarzan zilikuonyesha. Mtu mmoja pale ofisini aliandika kitu kizito, na mwingine akachora katuni juu yake.

Ndio maana nataka iundwe upya. Gemu nzuri iko ndani, imelala chini ya ile tuliyopewa.

Sasa filamu, maana najua mtaniuliza. Watu wanapenda kusema filamu za Resident Evil zilifeli kwa sababu hazikufuata gemu. Si kweli hata kidogo. Zile sita za Milla Jovovich, kuanzia 2002 mpaka 2016, zinamhusu Alice, mtu ambaye hayuko kwenye gemu yoyote, na zikakusanya zaidi ya dola bilioni moja duniani. Ile ya 2021, Welcome to Raccoon City, ikafuata gemu mpaka bango la ukutani. Ilichukua gemu mbili, ikazifinyilia kwenye filamu moja kama abiria wa mathree saa kumi na mbili jioni, na hakuna aliyepumua. Sitaki filamu inayonionyesha kwamba mkurugenzi amecheza. Nataka anionyeshe kwamba ameelewa.

Angalia walivyoitendea ile ya tano. Resident Evil: Afterlife, 2010, ilichukua vitu vingi kutoka kwake. Lile jitu kubwa la shoka lenye gunia kichwani, ni la Kijuju. Kile kifaa kifuani mwa Jill kinachomtawala, ni cha gemu ya tano. Pigano la Wesker na miwani yake, limenakiliwa karibu hatua kwa hatua. Yote yakahamishiwa Los Angeles. Afrika ikabaki, ua likabaki, Sheva akabaki. Wakachukua walichotaka wakaondoka. Unaona mtindo?

Halafu 2022 Netflix wakaleta mfululizo wao, vipindi vinane, ukafutwa mwezi uliofuata. Wengi hawakugundua kwamba nusu ya hadithi iko Afrika Kusini, kwenye mji uliojengwa na Umbrella unaoitwa New Raccoon City. Nikasema sawa, sasa tunaongea. Kumbe tumepewa mtaa mweupe uliopigwa pasi, nyumba zote zinafanana, na Afrika iko kando tu kama jirani asiyealikwa. Kelele za mashabiki zilikuwa juu ya Wesker kuwa mweusi. Marehemu Lance Reddick alikuwa kitu bora zaidi mle ndani, na sitabishana na mtu juu ya hilo.

Sheva naye. Huyu dada wazazi wake walikufa kwa mkono wa Umbrella, akakua akipigana, akaishia kuwa nusu ya gemu nzima. Huwezi kuicheza bila yeye. Ukicheza peke yako kompyuta inamwendesha, na inamfanya apoteze risasi na dawa ovyo mpaka amekuwa utani wa mashabiki. Huo ulikuwa udhaifu wa programu, lakini lawama alibeba yeye. Chris akarudi kwenye ya sita, ya saba na Village. Sheva hakurudi hata moja.

Kuna kitu kingine kinanifanya nilishikilie jambo hili. Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilikata, na tangu hapo nimekula kwa sauti yangu. Matangazo, video, chochote. Mwaka jana kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatafuta sauti ya "mpiganaji wa Kiafrika" kwa gemu ndogo ya simu. Nikatuma. Wakajibu kwa upole kwamba lafudhi yangu haisikiki ya Kiafrika vya kutosha. Nilicheza ule ujumbe kichwani siku mbili. Mimi, ambaye nimezaliwa na kulelewa Nairobi, sisikiki Mwafrika, kwa sababu Mwafrika waliyemzoea ni yule wa kwenye vinamasi.

Hivyo nikisema waiunde upya, nina vitu mahususi. Kijuju ihamishwe huku kwetu kama wanataka Kiswahili, au Kiswahili kiondolewe kama wanataka ibaki Magharibi. Wachague. Wakichagua Kiswahili, wenye mji wakikufukuza waongee kama watu: mama akimwita mtoto wake, makanga akitaja stage, mwenye duka akidai deni lake la mwezi uliopita hata kama akili imeshatekwa. Hiyo itaogopesha hata mtu wa Ohio, bila kuelewa neno. Ndipaya wapewe muda kabla ya sindano, tuwaone wakiwa wazima. Sheva aendeshwe vizuri, na ua liwe katikati ya hadithi badala ya kujificha kwenye faili.

Na waigizaji wa sauti tuko. Nairobi kuna studio, Mombasa, Dar pia. Tuna bando, tuna maikrofoni, na majirani wa kugonga ukuta tumeshawazoea. Mimi niko tayari kuwa hata yule wa panga wa kwenye kona. Mradi kwenye orodha ya majina mwishoni waandike "jini", kwa sababu nitakuwa mmoja.