MLANGO WAZI, LUGHA IMEFUNGWA

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilizaliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba; Mlimani kilihamia mwaka 1964. Nyumba ya chama ndiyo iliyokilea.

Leo Ukumbi wa Nkrumah una mihadhara ya watu wote, lakini mara nyingi Kiingereza kimesimama mlangoni kama askari. Mkulima akiingia ataambulia nini, ila kupiga makofi wenzake wakipiga? Zamu ya ngoma ikifika, ndipo Kiswahili kinapokumbukwa!

Hatukubali kuitwa kucheza tu. Mgeni wa mbali apewe mkalimani. Lakini msomi wetu, aliyesomeshwa kwa kodi yetu, aseme kwa lugha tuliyodaia Uhuru. Anayeogopa kueleweka anaficha nini?