Mitihani ya Vyuo na Taa za Forodhani

Mwenye kupita Forodhani baada ya saa nne za usiku, katika majuma yanayotangulia mitihani ya vyuo vyetu, huona jambo ambalo wageni aghalabu hawalitambui. Wauzaji wa mishikaki, urojo na maji ya miwa wamekwisha kuanza kukunja meza zao, na watalii wanarejea mahotelini. Lakini pale penye mwanga wa taa za bustani wameketi vijana, wawili hapa na watatu pale, karatasi zimetandazwa mapajani na midomo inatikisika kimya kimya. Tuliwauliza baadhi yao kwa nini wasisome majumbani. Mmoja alijibu kwamba kwao Ng'ambo chumba kimoja wanalala watu watano. Mwengine alisema dakhalia yao ina joto na kelele. Wa tatu, binti aliyefuatana na kaka yake, alisema kwamba akibaki nyumbani hapati nafasi ya kushika kitabu mpaka kazi za jikoni zimalizike, na zikimalizika usingizi umekwisha kumshika.

Jambo hili latufurahisha na kutuhuzunisha kwa pamoja. Latufurahisha kwa sababu ni ushahidi wa ahadi iliyotekelezwa. Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Serikali ilitangaza elimu bila ya malipo, na mtoto wa mkulima na wa mvuvi akafunguliwa mlango wa skuli. Hata hivyo, mpaka ulipofika mwaka 1998 Visiwa hivi havikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Leo kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu. Kipo kile kilichoanza kuwa Chuo cha Elimu Chukwani, ambacho sasa kinaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Na kipo Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Wajukuu wa watu waliotia dole gumba penye saini leo wanaandika tasnifu.

Latuhuzunisha kwa sababu wengi wa vijana wale wanasoma usiku huu yale yaliyowapasa kusomwa miezi mitatu nyuma, na wanayasoma wakiwa na hofu.

Hofu yenyewe si adui wakati wote. Wataalamu wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, walionesha mwaka 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba msukumo wa kiasi huharakisha kujifunza, lakini ukizidi, khasa katika kazi ngumu, huharibu. Kila mwalimu wetu anaujua ukweli huo bila ya kuhitaji panya. Mwanafunzi asiye na wasiwasi wowote hafungui daftari, na aliyezidiwa na wasiwasi hulifungua asione kilichoandikwa. Tunayemzungumzia hapa ni huyu wa pili.

Tulimjua kijana mmoja wa upande wa kusini wa kisiwa, wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Siku aliyopokea barua ya kukubaliwa, nyumbani kwao ilisomwa dua na jirani wakala wali. Muhula wa kwanza ulimpita akihudhuria masomo bila ya kuyapitia. Zilipobaki wiki mbili akaanza kusoma usiku na mchana. Siku tatu za mwisho hakulala kabisa. Alikuwa akinywa kahawa na vile vinywaji vya makopo vinavyosemwa kuwa vinaongeza nguvu. Katika chumba cha mtihani mkono wake ukawa mzito, na karatasi akairudisha karibu tupu. Alipotoka nje, majibu yakamjia moja baada ya moja. Mtihani wa pili hakwenda. Alirudi kijijini bila ya kumwambia mwalimu wala mwenzake. Watu wa nyumbani, kwa mapenzi yao, wakasema amehusudiwa, wakamtafutia makombe. Kanuni za vyuo kwa kawaida humruhusu mgonjwa kuahirisha mtihani, madhali ametoa taarifa mapema na ana cheti cha daktari. Yeye hakulijua hilo, na waliokuwa nalo hawakumwambia. Mwaka ukapotea, na yeye mwenyewe akakaribia kupotea nao.

Ukimtazama juu juu utasema kijana yule alikuwa mvivu. Sisi hatukubali. Mtu asiyelala siku tatu kwa ajili ya kitabu hakosi bidii. Alichokikosa ni njia ya kusoma, na mtu wa kumuuliza.

Kuhusu njia, tunasema kwamba wengi wetu tulipewa utotoni tukaiacha mlangoni tulipoingia skuli za Serikali. Aliyesoma chuo cha Kurani katika Visiwa hivi anakumbuka utaratibu wake. Hupewi somo jipya mpaka usomeshe la jana mbele ya mwalimu, kwa sauti, bila ya kutazama. Baada ya siku chache hurejeshwa nyuma kudurusu yale ya wiki iliyopita, na kabla ya kukhitimu juzuu huanza tena mwanzo. Alhamisi na Ijumaa ni mapumziko. Hakuna mwalimu wa chuoni aliyepata kumwambia mtoto asubiri mpaka usiku wa kuamkia hitima ndipo ahifadhi juzuu nzima.

Wanachuoni wa elimu ya akili wamefika pale pale kwa njia nyengine. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia nafsi yake, akaonesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza husahauliwa mapema sana, na kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku hudumu kuliko yaliyorundikwa mahali pamoja. Mwaka 2006 Wamarekani Roediger na Karpicke walieleza kwamba wanafunzi waliosoma kisha wakajaribu kukumbuka bila ya kutazama walihifadhi zaidi, baada ya wiki moja, kuliko waliosoma na kusoma tena. Mtoto anayefunika msahafu na kusoma mbele ya mwalimu wake hafanyi jambo jengine isipokuwa hilo.

Tusije tukafahamika vibaya. Chuo kilikuwa na fimbo, na fimbo ilifukuza wengi. Tena, kuhifadhi bila ya kufahamu maana hakumfai mwanafunzi wa uuguzi wala wa uhasibu. Lakini hata wazee wetu hawakuishia kwenye kuhifadhi. Baada ya chuo ilikuwako darsa, kama zile za Msikiti Gofu hapa Mji Mkongwe, alikosomesha Sheikh Abdalla Bakathir, aliyefariki mwaka 1925. Katika darsa kitabu husomwa, husherehewa na huulizwa maswali. Hayo ndiyo yanayopungua leo. Kijana anachukua karatasi zilizofupishwa na mwenziwe, wanazoziita "madesa", anazikariri, na swali likigeuzwa upande tu anapotea. Na lugha huongeza uzito: aliyeanza kusoma kwa Kiswahili hujikuta chuoni akisomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na asiyeifahamu sentensi hana la kufanya ila kuikariri. Dawa ni kukaa watatu au wanne, kila mmoja akawaeleza wenziwe sura moja kwa Kiswahili fasaha mpaka wafahamu, kisha wakaiandika kwa lugha watakayoulizwa. Asiyeweza kulieleza jambo barazani bado hajalijua.

Kwa hivyo, nasaha zetu kwa vijana ni hizi. Kazi ianze wiki ya kwanza ya muhula. Kila somo lipitiwe siku ile ile, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, na daftari lifungwe kwanza ndipo mtu ajiulize anakumbuka nini. Katika vyuo vyetu alama za kazi za muhula huhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho, na mara nyingi hufika 40 katika kila 100. Anayezidharau hizo huingia chumbani akiwa nyuma kabla ya kushika kalamu. Itafutwe mitihani ya miaka iliyopita na ijibiwe kwa saa, kama vile ndiyo siku yenyewe. Usingizi usiuzwe kwa bei yoyote. Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach walipolinganisha watu waliolala na waliokesha baada ya kujifunza, imejulikana kwamba aliyelala hukumbuka zaidi. Mtu mzima anahitaji si chini ya saa saba.

Siku ya mtihani, yasomwe maswali yote kwanza. Ikiwa ni maswali matano kwa saa tatu, zipo dakika 180: dakika 15 za kusoma, 15 za kupitia mwishoni, na zinabaki 30 kwa kila swali. Aanze na lile analolijua, kwani jibu moja lililoandikwa huituliza nafsi kwa yaliyobaki. Moyo ukimwenda mbio, aweke kalamu chini, avute pumzi polepole mara chache, kisha aendelee. Na anayeona kwamba halali, hali, wala haoni raha kwa siku nyingi, amwambie mtu. Kumwendea daktari wa akili si aibu. Tumezoea kulitaja jina la Kidongo Chekundu kwa kuchekana, na kwa mchezo huo tumewafungia wagonjwa mlango wa matibabu.

Wazee nao wana sehemu yao. Kumwambia mtoto kila asubuhi kwamba nyumba nzima inamtegemea yeye ni kumtwika mzigo juu ya mzigo. Inatosha aambiwe, "Mwanangu, fanya ulichoweza, sisi tupo." Watoto wa kike wapunguziwe kazi za nyumbani katika wiki za mitihani kama wanavyopunguziwa kaka zao. Sahani zitaoshwa na mwengine na jua litachomoza kama kawaida.

Hatimaye tunawaelekea viongozi wa vyuo na wakuu wa Serikali, kwani haitakuwa uadilifu kumlaumu mwanafunzi peke yake. Ratiba ya mitihani itangazwe mapema na isibadilishwe ovyo. Karatasi za majaribio ya muhula zirudishwe zikiwa zimesahihishwa kabla ya mtihani wa mwisho, maana kosa lisiloonekana halisahihishiki. Fedha za mikopo ziwafikie vijana kwa wakati, kwani mwenye njaa hasomi. Kanuni ya kuahirisha mtihani kwa maradhi ielezwe kwa Kiswahili siku ya kwanza ya mwaka, na kila chuo kiwe na mshauri anayejulikana kwa jina na mlango wake. Na kumbi za maktaba, ile ya Maisara na za vyuoni, ziwashiwe taa mpaka usiku katika majuma ya mitihani, na papatikane usafiri wa kuwarejesha watoto wa kike makwao. Tukumbuke pia kwamba Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwisha kutaka uzito wa mtihani wa kuandika upunguzwe na kazi ya kila siku ya mwanafunzi ithaminiwe. Fikra hiyo haijazeeka.

Wapo watakaosema kwamba wao walisoma kwa kibatari na wakafaulu, na kwamba vijana wa siku hizi wanadekezwa. Tunawakumbusha Disemba 2009, umeme ulipokatika kisiwani Unguja na kukosekana kwa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Wanafunzi walisoma kwa mishumaa na taa za mafuta, na wapo waliofaulu. Je, kuna aliyesimama baada ya hapo akapendekeza giza liwe sera ya elimu? Waliofaulu walifaulu juu ya kuwa na kiza, na wale ambao kiza kiliwaangusha hawakualikwa kuja kusimulia.

Jina la mahali hapa lenyewe lina somo. Forodhani ni pahala pa forodha, ambapo bidhaa za majahazi zilikuwa zikishushwa, zikahesabiwa na kukadiriwa ushuru. Hakuna nahodha aliyekuja kupakia chombo chake mbele ya karani wa forodha; kilichokaguliwa hapa kilipakiwa bandari alikotoka, gunia kwa gunia. Mtihani nao ni forodha. Kijana apakie mapema, na sisi wakubwa tuhakikishe kwamba bandari anayopakilia ina gati, ina taa na ina wapagazi wa kumsaidia. Hapo ndipo watoto wetu watakapokuja Forodhani usiku kupunga upepo na kula urojo, kesho yake wakaingia chumba cha mtihani wakiwa wamelala vizuri.