Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Waulizeni wagonjwa wa presha wanalalaje

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, mimi mke wa dereva wa lori. Kwa miaka sita mume wangu alihudhuria kliniki ya presha bila kukosa. Alianza na kidonge kimoja, akaongezewa cha pili, kisha cha tatu, na presha haikushuka. Kila tulipokwenda tuliulizwa kuhusu chumvi, tukaulizwa kama dawa anameza. Alikuwa anameza; akiwa nyumbani nampa kwa mkono wangu, pamoja na chai ya asubuhi. Hakuna aliyetuuliza analalaje.

Mimi nilijua analalaje. Alikuwa anakoroma mpaka watoto chumba cha pili wanasikia, halafu ghafla kimya. Kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, lakini puani hakutoki hewa. Usiku mmoja niliweka kiganja mbele ya pua yake, nikahesabu kwa kufuata mlio wa saa ya ukutani: kumi, ishirini, thelathini na tano. Ndipo akashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki kitu, ila kichwa kinamuuma na macho mazito, naye anakwenda kushika usukani. Kwetu mtu akikoroma tunasema leo amechoka kweli. Nami niliamini hivyo.

Daktari mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Usingizini misuli ya koo hulegea, na kwa watu kama mume wangu njia ya hewa huziba. Oksijeni inashuka, mwili unamwaga adrenalini kana kwamba mtu anakabwa, mishipa ya damu inabana, presha inaruka. Kwa kawaida presha hushuka tunapolala, na huo ndio muda wa mishipa kupumzika. Yake haikupata muda huo. Ngozi laini iliyotanda ndani ya mishipa, ambayo kazi yake mojawapo ni kuifanya ilegee na kutanuka, huumia inapokosa oksijeni na kuipata tena usiku kucha. Hapo ndipo njia ya kiharusi na maradhi ya moyo inapoanza kufunguka. Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 kwa saa, tayari ni tatizo. Ikifika mara 30, ni ugonjwa mkali. Yeye alipopimwa alikutwa na mara 42.

Tiba ipo, Mheshimiwa, na si ya jana. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake, huko Sydney, Australia, walionyesha kwamba hewa ikisukumwa puani kwa nguvu ndogo kupitia barakoa, koo halizibi. Usiku wa kwanza mume wangu alipolala na mashine inayosukuma hewa hiyo, palikuwa kimya hata nikaamka kumgusa nihakikishe yu hai. Miezi michache baadaye alipunguziwa kidonge kimoja.

Sisemi mashine ni muujiza. Kwa wengi presha hushuka kidogo tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,600 waliokwisha kuugua moyo au kiharusi, haukuona mashine ikiwapunguzia mashambulizi mapya. Lakini watu hao waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Ndiyo maana mgonjwa asikabidhiwe mashine na kuachwa ahangaike nayo peke yake. Barakoa hubana, pua hukauka, na umeme ukikatika mashine huzima. Usiku kama huo nakesha nikimsikiliza.

Naomba mambo matatu. Kwanza, kila kliniki ya presha iulize kuhusu kukoroma, kukatika pumzi na kusinzia mchana, na ipime shingo kwa futi ya fundi cherehani. Shingo nene ni dalili isiyogharimu kitu. Pili, vipimo vya usingizi vifike hospitali za rufaa za mikoa, na mashine pamoja na ufuatiliaji wake viwe ndani ya mafao ya Bima ya Afya kwa Wote. Tatu, madereva wapimwe kwa ahadi kwamba anayetibiwa na kupata nafuu atabaki na leseni yake. Bila ahadi hiyo watauficha ugonjwa, nao utatutokea barabarani.

Kadi ya kliniki ya mume wangu ina nafasi ya uzito, ya presha na ya dawa. Iongezwe nafasi moja: analalaje. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuijaza, kwa kuwa muda huo amelala. Tuiteni sisi tunaolala pembeni yake, tutaijaza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mke wa dereva, Morogoro